Nani Alicheza? Majina, Istilahi na Wasifu wa Watendaji wa Filamu za Awali, kutoka Paris hadi Vugiri

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna wasifu wa waigizaji na mafundi wa filamu za mwanzoni mwa karne ya 20 unavyoandikwa, na yanahoji mazoea ya kulifanya jina kuwa sharti la mtu kuingizwa katika historia ya sanaa hiyo. Watendaji wa sinema ya Ufaransa wa kabla ya mwaka 1930 wanasomwa sambamba na watendaji wa Kiafrika wa mradi wa filamu wa Vugiri (1935–1937), uliokuwa katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Tanga. Aidha, istilahi za Kiswahili zinazotaja kazi ya filamu zinachunguzwa kimofolojia na kimatumizi, kwa kuwa sehemu ya tatizo imo ndani ya istilahi zenyewe. Mfano wa Rashidi Kawawa unatumika kuonesha kwamba hata palipo na jina, wasifu wa mwigizaji unaweza kupotea.

Utangulizi
Kiasi cha kilometa 17 kusini mwa mji wa Tanga, katika kijiji cha Tongoni, yapo magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40. Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo zilizowahi kupambwa kwa vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo ya bahari. Neno tongo, kwa wingi matongo, hutaja mahali palipohamwa. Halihusiani na tongo za macho, ingawa utani wa kuyachanganya maneno hayo ni mwepesi kuufanya. Makaburi mengi ya hapo hayana majina. Hata hivyo, wanaakiolojia hawajasita kuwazungumzia waliojenga: uchongaji wa matumbawe, uchomaji wa chokaa na upangaji wa nguzo husomwa kama ushahidi wa watu waliokuwa na kazi, mafunzo na ngazi za ujuzi.

Pwani hiyo hiyo imebeba pia historia ya majina yaliyotoka nje. Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilikwama katika mafungu ya Mtang'ata. Wareno wakayapa mafungu hayo, pamoja na milima iliyoonekana upande wa bara, jina la merikebu yao. Januari 1499, wakirejea kutoka India, waliichoma moto merikebu hiyo mahali palepale kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Wenyeji walioufikia msafara kwa mitumbwi wametajwa katika taarifa ya safari hiyo kwa machungwa waliyoyaleta. Merikebu ina jina, mlima umepewa jina, mwenye machungwa hana.

Milima iliyoitwa kwa jina la merikebu ndiyo Usambara. Katika milima hiyo hiyo, mahali paitwapo Vugiri karibu na Korogwe, kuanzia mwaka 1935 zilitengenezwa filamu 35 zilizochezwa na Waafrika kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika juu ya waigizaji wake hukutana mapema na ukuta. Kiolezo cha wasifu anachokijua huanza na kuzaliwa, kikapita kwenye elimu, filamu ya kwanza na tuzo, kikaishia kwenye kifo, na kila hatua inadai jina. Asipolipata huhitimisha kwamba mwigizaji hakuwapo, na historia ya uigizaji wa filamu za Kiswahili hulazimika kuanzia miaka ya 1950. Makala haya yanadai kwamba hitimisho hilo ni la kiolezo. Ushahidi wenyewe haulihitimishi.

Majina ya Paris
Ni kosa kudhani kwamba sinema ya Ufaransa ilizaliwa na majina yake. Katika mwongo wa kwanza baada ya maonesho ya ndugu Lumière ya Desemba 1895, filamu iliuzwa kwa nembo ya kampuni: jogoo wa Pathé, ua la Gaumont. Mchezaji alikuwa sura tu. Jina liliingia kwa mkopo kutoka jukwaani. Kampuni ya Film d'Art ilipoonesha L'Assassinat du duc de Guise mwaka 1908, ilichukua wachezaji wa Comédie-Française, akiwamo Charles Le Bargy, na muziki ukatungwa na Camille Saint-Saëns. Majina hayo yalikuwa na thamani kabla hayajaingia kwenye filamu, na filamu ikayatumia kujipatia heshima. Max Linder ndiye aliyeonesha kwamba filamu yenyewe inaweza kuzalisha jina. Hata hivyo, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gabriel Leuvielle, kama ambavyo Musidora wa filamu za Louis Feuillade alizaliwa akiitwa Jeanne Roques. Kilichobaki katika historia ni majina ya kazi. Hoja hiyo itarejewa, kwa kuwa Tanga inao mfano wake.

Alice Guy (1873–1968) anastahili nafasi zaidi. Aliingia kampuni ya Gaumont akiwa katibu muhtasi, akaanza kuongoza filamu mwaka 1896, na akasimamia utengenezaji wa filamu za kampuni hiyo hadi alipohamia Marekani mwaka 1907. Huko alianzisha kampuni yake, Solax, mwaka 1910. Aliporudi Ufaransa mwaka 1922 hakupata tena kazi ya kuongoza. Historia za sinema zilizoandikwa baadaye zilizigawa filamu zake kwa wanaume waliokuwa wasaidizi au warithi wake, na kumbukumbu alizoziandika ili kurekebisha hali hiyo zilichapishwa mwaka 1976, miaka minane baada ya kufa kwake. Huyu hakuwa mtu asiye na jina. Alikuwa na jina, ofisi na mshahara. Kilichokosekana ni mwandishi wa historia aliyekuwa tayari kumweka mwanamke katika nafasi ya mwongozaji. Watafiti wa baadaye walipomrejeshea filamu zake, walifanya hivyo kwa kusoma mikataba, orodha za mauzo na mtindo wa upangaji wa picha, yaani kwa kuanzia kwenye kazi.

Tawi moja la sinema hiyo lilifika Afrika Mashariki. Msafara wa magari wa Citroën uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, Oktoba 1924, ukavuka Sahara na Kongo, na ulipofika Kampala ukagawanyika katika makundi manne. Moja likateremka Mombasa na jingine Dar es Salaam. Mwongozaji wa filamu ya msafara, La Croisière noire, iliyooneshwa katika Opera ya Paris mwaka 1926, alikuwa Léon Poirier. Mpiga picha alikuwa Georges Specht. Wasifu wa wawili hawa unafuatika bila taabu. Specht alikwisha kupiga picha L'Atlantide ya Jacques Feyder (1921) katika jangwa, na L'Inhumaine ya Marcel L'Herbier (1924) katika studio. Poirier alitoka kwenye Jocelyn (1922), akapita Afrika, kisha akaenda kutengeneza Verdun, visions d'histoire (1928). Kwao msafara huo ni ingizo moja katika orodha ndefu.

Kaskazini-mashariki mwa Kongo, Specht alimpiga picha mwanamke wa Kimangbetu, Nobosodru, ambaye mchoraji wa msafara, Alexandre Iacovleff, alimchora pia. Sura yake ya ubavuni, pamoja na mtindo wa nywele uliorefusha kichwa, ilisambaa mno, ikafanywa hata pambo la kofia ya rejeta ya gari. Jina lake linajulikana. Lakini hakuna orodha ya watendaji inayomweka kando ya Poirier na Specht, kwa sababu kukaa mbele ya kamera kwa utulivu na kwa kulijua umbo lako hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kumtia mtu katika historia ya filamu. Linahitaji nafasi ya kukalia. Nobosodru alipewa jina pasipo nafasi. Wa Vugiri walipewa kinyume chake.

Vugiri
Mradi wa Vugiri ulijulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment. Uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha zikatoka hasa Shirika la Carnegie la New York, na uongozi wa kazi ukawa mikononi mwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Notcutt aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki. Wazo la sinema lilimjia huko, katika miaka ya 1920, kama njia ya kuwafanya vibarua waridhike na kubaki shambani. Asili hiyo si jambo la pembeni. Filamu za Vugiri zilitungwa kwa jicho la msimamizi anayetazama kambi ya wafanyakazi, na jicho hilo ndilo lililoamua pia namna watendaji wake watakavyoandikwa.

Kitabu cha mradi, The African and the Cinema, kilitoka London mwaka 1937. Jina lake pekee linatosha kwa uhakiki wa kiisimu. Nomino ya umoja yenye kibainishi cha ujulikano hutumika humo kutaja aina nzima ya watu, na tafsiri yake ya karibu, Mwafrika na Sinema, huonesha kwamba ngeli ya kwanza ya Kiswahili nayo inaweza kubeba umoja wa namna hiyo. Mwafrika wa jina hilo ni mmoja, hana kijiji wala umri. Maelezo ya ndani kuhusu wafanyakazi hufuata mkondo huo kwa kiasi kikubwa. Waandishi wanaona kwamba vijana wa Kiafrika werevu wanaweza kufundishwa kazi za kila siku za chumba cha giza na za kunasa sauti, pamoja na baadhi ya kazi zinazohitaji ujuzi wa kiasi, na faida inayotajwa ni kupungua kwa gharama. Mhakiki anayeisoma hoja hiyo kwa haraka ataona dharau tu, na hatakosea. Akiisoma taratibu ataona pia ushahidi: walikuwapo mafundi. Filamu iliyosafishwa Usambara ilipita mikononi mwa watu waliojifunza joto la maji, muda wa dawa na giza la chumba.

Kwa upande wa uigizaji lipo tatizo jingine, ambalo halihusu kitabu hiki pekee. Maandishi ya kikoloni yalizoea kudai kwamba Mwafrika ni mwigizaji kwa kuzaliwa. Dai hilo husikika kama sifa, lakini kazi yake ni kumnyima mtu wasifu. Kama uigizaji ni maumbile, hakuna cha kujifunza, hakuna cha kukosea na kurekebisha, wala cha kulipia zaidi. Ni bahati mbaya kwamba uhakiki wa filamu za Kiswahili wa leo hutumia neno kipaji kwa namna inayokaribiana mno na dai hilo. Mwigizaji husifiwa kwa kuwa na kipaji pale ambapo seremala au mshonaji angesifiwa kwa kuijua kazi yake.

Filamu ya awali kabisa ya mradi, Post Office Savings Bank, ina kisa chepesi. Wafanyakazi wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anauweka katika benki ya akiba ya posta, mwingine anauzika ndani ya nyumba yake, na mwizi anauchimbua. Funzo liko wazi kiasi cha kuchosha. Kiuigizaji, hata hivyo, majukumu hayalingani. Anayeweka akiba hana kazi kubwa: anasimama mbele ya karani, anakabidhi, anapokea kitabu. Anayezika fedha lazima aoneshe siri, yaani afanye tendo ambalo mtazamaji analiona huku akijifanya haonwi. Mwizi ana mzigo mkubwa zaidi, kwani lazima aone bila kuonwa, asubiri, achimbue na aondoke, na yote hayo bila neno. Dhamira imempa mwema ushindi, na mwovu akapewa uigizaji.

Bila neno, kwa sababu filamu za Vugiri zilikuwa za milimita 16 zisizo na sauti ndani yake. Sauti iliwekwa katika santuri iliyochezwa pamoja na picha. Uamuzi huo wa kiufundi ulikuwa na matokeo makubwa ya kiisimu. Picha ileile ingeweza kuzungumza Kiswahili mahali pamoja, na mahali pengine lugha nyingine ya Afrika Mashariki au ya Kati, kwa kubadilisha santuri tu. Kwa hiyo uhusika mmoja uligawanywa kwa watendaji wawili au zaidi: mwili wa mmoja, sauti za wengine. Msimulizi wa santuri alilazimika kulinganisha pumzi yake na mwendo wa mtu ambaye huenda hawakuwahi kuonana. Kazi hiyo haikufa na mradi. Wafasiri wa filamu waliokuja kupata umaarufu miongo kadhaa baadaye, kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, wamefanya jambo la aina hiyo hiyo kwa kuiwekea filamu ya kigeni sauti ya Kiswahili. Tofauti ni kwamba wao wana majina, na mara nyingi jina la mfasiri ndilo linalouza mkanda. Historia ya sauti ya Kiswahili katika filamu haiwezi kuanzia kwao ilhali santuri za miaka ya 1930 zinajulikana.

Fedha za Carnegie zilikoma mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikukubali kuubeba mradi, na Vugiri ikafungwa. Ikawa tongo.

Istilahi za kazi
Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu wa Vugiri, na hakuna hata moja lisilo na upendeleo. Mwigizaji limeundwa kwa mzizi -ig-, kiambishi cha utendeshaji, na kiambishi -ji kinachoashiria mazoea, ijapokuwa si kanuni isiyovunjwa: msomaji husoma aghalabu, mchezaji hucheza aghalabu. Kwa mofolojia yake, neno hili linamdai anayetajwa awe amerudia tendo. Mcheza sinema, neno la wazee ambalo sasa linasikika kwa nadra, ni nomino ambatani inayotaja tendo na yambwa yake, kama mcheza ngoma. Hailazimishi mazoea, na kwa sababu hiyo inamfaa zaidi kibarua aliyecheza mara moja akarudi shambani. Msanii lina heshima zaidi, lakini katika matumizi ya mitaani usanii umepata maana ya ulaghai, kiasi kwamba mwanasiasa akiitwa msanii hafurahi. (Mwizi, mhusika wetu wa Vugiri, ndiye mwenye neno fupi na kongwe kuliko yote.)

Neno linalofundisha zaidi ni stelingi. Limetokana na kitenzi cha Kiingereza kilichoandikwa kwenye mabango ya sinema kabla ya jina la mchezaji mkuu. Watazamaji wa Kiswahili walilichukua tangazo hilo la jina, wakaliacha jina lenyewe, wakalifanya tangazo kuwa nomino inayotaja nafasi. Stelingi ni yule asiyekufa kabla filamu haijaisha, na mpinzani wake ni adui. Yaani watazamaji walikisoma chombo cha kutangazia jina la mtu binafsi kama istilahi ya uhusika. Hawakukosea kusoma. Waliisoma filamu kama wanavyosoma ngano, ambamo Sungura ana kazi na tabia, na hakuna aulizaye alizaliwa wapi.

Istilahi hizi zinaathiri utafiti moja kwa moja. Mtafiti anayetafuta waigizaji atapata waliorudia, na anayetafuta mastelingi atapata washindi wa visa. Anayetafuta wasanii atapata waliokubali kuitwa hivyo. Mpiga picha, msafisha filamu na msimulizi wa santuri watabaki nje ya mitego yote mitatu. Inafaa basi istilahi pana ya mtendaji wa filamu, iliyotumika katika makala haya, ipewe nafasi katika ufundishaji, pamoja na kasoro yake ya kunuka ofisi za serikali.

Jina lililopo
Rashidi Mfaume Kawawa (1926–2009) ndiye mwigizaji wa mapema ambaye kila mwanafunzi anamjua, na anajulikana kwa sababu isiyo ya uigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, alicheza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika Kusini kwa udhamini wa serikali ya kikoloni. Inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu. Baadaye akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955, kisha waziri mkuu mwaka 1962. Rosaleen Smyth, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu filamu za kisa nchini Tanzania, aliziweka filamu hizo mahali pake katika sera za wakati huo. Wengi waliofuata wamekuwa wakimtaja Kawawa kwa sentensi moja, kama kioja: waziri mkuu aliyewahi kuwa stelingi.

Sentensi hiyo inaficha jambo. Kawawa alikuwa akifanya kazi ya sinema za kuelimisha umma, na filamu alizocheza zilirithi swali la Vugiri, yaani namna ya kumwonesha mtu wa shamba, na aonwe na nani. Uhusika wa Muhogo Mchungu, mtu wa shamba mbele ya mji, ulimtaka mtu aliyesoma Tabora aucheze ushamba kwa macho ya wanaojiona wa mjini. Hapo pana swali halisi la uhakiki. Je, alimcheka au alimtetea? Haliwezi kujibiwa maadamu filamu inatumika kama tanbihi ya wasifu wa kisiasa. Kwa Alice Guy historia ilimnyang'anya mwongozaji filamu zake. Kwa Kawawa imemwachia filamu na kumwondolea uigizaji.

Jina la uhusika lenyewe limeendelea kuishi. Abdallah Mkumbila, aliyejulikana kwa michezo ya televisheni, aliitwa Muhogo Mchungu na hadhira iliyomjua kwa jina hilo kuliko la kwao. Tanga nayo ilimtoa Amri Athumani (1948–2018), ambaye taifa zima lilimwita King Majuto. Kwa hiyo desturi ya jina la kazi kulifunika jina la kuzaliwa, iliyoonekana kwa Linder na Musidora, haikuletwa na filamu za Wazungu. Vichekesho vya Kiswahili vinaijua vizuri. Wasifu unaong'ang'ania cheti cha kuzaliwa unamkosa Majuto kama unavyomkosa mwizi wa Vugiri, ila kwa sababu tofauti.

Inawezekana kupinga kwamba kutotajwa kulikuwa hifadhi. Mtu aliyecheza katika filamu ya kikoloni ya kuhimiza kodi au utii huenda hakutaka jirani zake wamkumbuke hivyo, na mtafiti anayemfukua leo hamtendei hisani. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa familia zilizo hai. Lakini linahusu jina, halihusu kazi. Kazi inaweza kuandikwa pasipo kumfichua mtu, na ingizo la namna hiyo katika orodha ya watendaji wa filamu za Tanzania lingesomeka hivi: Mwizi. Post Office Savings Bank, Vugiri, Usambara, 1935. Mcheza sinema, Mwafrika. Uigizaji wa mwili pasipo sauti. Tukio la kuchungulia, kuchimbua na kutoroka. Msimulizi wa santuri ya Kiswahili: mtendaji wa pili, ingizo lake peke yake.